Shahada ya saikolojia hupangwa kuanzia mwisho

Jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani na kuwagonga wachuuzi, abiria na wapita njia. Zaidi ya watu 50 walifariki na wengine wengi wakajeruhiwa. Ajali ya namna hiyo huacha majeraha ya aina mbili. Mfupa uliovunjika hufungwa plasta na baada ya miezi kadhaa huunga. Lakini mchuuzi aliyewaona wenzake wakifa kando yake anaweza kupona mguu na bado ashindwe kurudi kwenye kibanda chake. Huyo anahitaji mtu aliyefunzwa kumsikiliza.

Mahitaji hayo hayatokani na ajali pekee. Mwaka huohuo wa 2023, taarifa za dhuluma za kingono dhidi ya wafanyakazi wanawake katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho zilifika hadi Bungeni. Ulevi, madeni, ugomvi wa ndoa na mizozo ya ardhi ni mambo yanayozungumzwa katika kila baraza la chifu. Ripoti ya mwaka 2020 ya jopokazi la kitaifa kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga, ilipendekeza hali hiyo itangazwe kuwa dharura ya taifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa, na serikali za kaunti zikapewa wajibu wa kuzifikisha huduma hizo karibu na wananchi. Kisha tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mtu ambaye zamani angepelekwa seli sasa anastahili kupelekwa kwa mshauri.

Si ajabu basi kwamba vijana wengi wa Kericho na Bomet wanaotuma maombi ya chuo kikuu huiweka saikolojia miongoni mwa chaguo zao. Nia ni njema, na kazi ipo. Tatizo ni kwamba wengi huanza masomo bila kujua uniti zipi hutangulia zipi, sheria inadai nini baada ya kuhitimu, na ni wapi mwaka mzima unaweza kupotea. Makala haya yanaeleza jinsi mwanafunzi na familia yake wanavyoweza kuyapanga masomo hayo tangu mwanzo.

Kazi tatu zinazochanganywa

Kwanza ni kutofautisha kazi zenyewe. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari wa tiba. Alisomea udaktari kwanza, kisha akabobea katika magonjwa ya akili, na ndiye mwenye mamlaka ya kuandika dawa. Shahada ya saikolojia haimfikishi mtu hapo, hata akipata alama za juu namna gani. Anayetaka kazi hiyo anapaswa kuomba kozi ya udaktari.

Mwanasaikolojia huchunguza fikra, hisia na tabia, hupima, na hutibu kwa mazungumzo na mbinu nyingine zisizo za dawa. Mshauri nasaha humsaidia mtu au familia kupita katika kipindi kigumu: msiba, ulevi, talaka, dhuluma. Kazi hizi mbili zinasimamiwa na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda Bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni wanaozifanya. Cheti cha chuo kikuu peke yake hakimpi mtu ruhusa ya kufungua ofisi na kuweka kibao mlangoni. Shahada ya kwanza ni mlango wa kuingilia taaluma. Leseni hutoka kwa Bodi.

Tena, anayetaka kuwa mwanasaikolojia tiba, yule anayehudumia wagonjwa hospitalini, kwa kawaida huhitaji shahada ya uzamili baada ya ile ya kwanza. Familia inayodhani safari ni ya miaka minne inafaa kulijua hilo mapema, si siku ya mahafali.

Kuanza na swali la mwisho

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza si "nichukue uniti gani muhula huu?" bali "nataka kufanya kazi gani nikimaliza?" Jibu ndilo linalopanga yaliyo nyuma yake.

Anayelenga uzamili anapaswa kulinda alama zake tangu muhula wa kwanza. Katika vyuo vikuu vingi vya umma nchini, alama 70 na zaidi ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu, 50 hadi 59 ni daraja la pili la chini, na 40 hadi 49 ni kupita tu. Programu nyingi za uzamili hutaka daraja la pili la juu. Wanaopokelewa na daraja la pili la chini mara nyingi huombwa pia uzoefu wa kazi. Mwanafunzi anayeuchukulia mwaka wa kwanza kama mapumziko baada ya KCSE huja kuugharamia mwaka wa nne.

Anayetaka kuwa mshauri nasaha atahitaji uniti za nadharia za ushauri, ushauri wa familia, ushauri wa waraibu wa pombe na dawa za kulevya, maadili ya taaluma, na saa nyingi za mafunzo ya kazini chini ya msimamizi. Anayetaka kufanya kazi katika idara za rasilimali watu, ziwe za viwanda vya chai au za serikali, atafaidika na saikolojia ya viwanda na mashirika, pamoja na uniti za usimamizi kutoka kitivo cha biashara. Huyo ajue pia kwamba taaluma ya rasilimali watu ina sheria yake ya mwaka 2012 na mitihani yake ya kitaaluma. Anayefikiria kuwa afisa wa probesheni au kuhudumia watoto atafute uniti za saikolojia ya ukuaji, uhalifu na ustawi wa jamii.

Kuna kundi moja ambalo hukwama zaidi: wanaosoma saikolojia wakitarajia kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Mwalimu wa shule ya upili husajiliwa kwa masomo mawili yanayofundishwa shuleni, na saikolojia si somo la KCSE. Anayependa ualimu na saikolojia pia anaweza kusomea shahada ya elimu, ambayo ndani yake mna saikolojia ya elimu, kisha akaongeza mafunzo ya ushauri nasaha baadaye.

Miaka minne, mihula minane

Shahada ya saikolojia nchini kwa kawaida huchukua miaka minne yenye mihula miwili kila mwaka. Kwa hesabu rahisi, mwanafunzi anayechukua uniti 6 kila muhula atamaliza uniti 48. Majina na nambari za uniti hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, lakini mpangilio wa jumla hufanana.

Mwaka wa kwanza huwa na utangulizi wa saikolojia, saikolojia ya ukuaji wa binadamu, misingi ya kibayolojia ya tabia, na uniti za lazima kwa wanafunzi wote kama vile stadi za mawasiliano na kompyuta. Mwaka wa pili huleta saikolojia ya jamii, nadharia za haiba, ujifunzaji na kumbukumbu, na takwimu. Mwaka wa tatu huwa na mbinu za utafiti, matatizo ya akili na tabia, upimaji wa kisaikolojia, nadharia za ushauri na maadili. Mwaka wa nne huwa wa mradi wa utafiti na uniti za kubobea.

Uniti hizi ziko za aina tatu. Za lazima hazikwepeki. Za kuchagua ndani ya idara ndizo zinazoonyesha mwelekeo wa mwanafunzi. Za kuchagua kutoka idara nyingine humpa stadi ya ziada, kama vile sosholojia, afya ya jamii au usimamizi. Kosa la kawaida ni kuchagua uniti kwa sababu rafiki ameichagua, au kwa sababu inasemekana ni rahisi. Mwajiri anaposoma nakala ya matokeo, huona majina ya uniti, hamwoni rafiki.

Mnyororo wa takwimu

Wengi huingia katika saikolojia wakiamini wameikimbia hisabati. Hesabu huwasubiri mwaka wa pili kwa jina la takwimu. Mwanasaikolojia hana budi kujua kama tofauti aliyoipata kati ya makundi mawili ya watu ni ya kweli au ni ya bahati tu, na hilo hujulikana kwa takwimu.

Takwimu ni uniti ya kwanza katika mnyororo. Mara nyingi mwanafunzi haruhusiwi kuchukua mbinu za utafiti kabla ya kuipita, haruhusiwi kuandika pendekezo la utafiti kabla ya mbinu za utafiti, wala kufanya mradi bila pendekezo. Tena uniti nyingi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka.

Chukua mfano wa mwanafunzi ambaye katika chuo chake takwimu hufundishwa muhula wa pili wa mwaka wa pili. Akianguka na kuukosa mtihani wa kurudia, itambidi aisubiri hadi muhula wa pili wa mwaka wa tatu. Mbinu za utafiti, ambazo wenzake walizisoma mwanzoni mwa mwaka wa tatu, yeye atazisoma mwanzoni mwa mwaka wa nne. Pendekezo litaandikwa mwishoni mwa mwaka wa nne. Mradi utaingia mwaka wa tano. Uniti moja imekula mwaka mzima, na hakuna aliyemwonya kwa sababu muhula alioanguka ulionekana kama mihula mingine tu.

Dawa yake ni kuuchora mnyororo huo kwenye karatasi katika wiki za kwanza za mwaka wa kwanza: uniti ipi hufungua ipi, na kila moja hufundishwa muhula gani. Zile zinazofungua nyingine zitiwe alama, na hizo zisomwe kwa bidii kuliko zote. Mahali pengi majaribio ya muhula hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho 70, hivyo mwanafunzi anayepata alama ndogo katika majaribio ya takwimu hujua mapema kwamba anahitaji msaada. Asingoje mtihani. Akianguka, aufanye mtihani wa kurudia mara tu unapotangazwa, ingawa kwa kawaida alama itakayoandikwa haizidi 40.

Mafunzo ya kazini hayangoji likizo

Mafunzo ya kazini, yale ambayo wengi huyaita atachimenti, ndipo mwanafunzi hukutana na watu badala ya vitabu. Nafasi katika hospitali ni chache, na wanafunzi wa uuguzi, maabara na famasia nao huzitafuta. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho, Hospitali ya Kapkatet, Hospitali ya Longisa na Hospitali ya Tenwek kule Bomet ni miongoni mwa vituo ambavyo wanafunzi wa eneo hili huvifikiria kwanza. Lakini si hospitali pekee zinazofaa. Shule za upili, ofisi za watoto, ofisi za probesheni, magereza, vituo vya kurekebisha waraibu, makanisa na idara za ustawi katika mashamba ya chai nazo zina kazi ya kumfunza mwanafunzi.

Anayetaka nafasi katika likizo ndefu ya mwaka wa tatu aanze kuandika barua miezi kadhaa kabla. Kwa kawaida ataombwa barua ya chuo, nakala ya kitambulisho, bima ya mafunzo kutoka chuoni, na daftari la kumbukumbu za kila siku linalotiwa saini na msimamizi. Kabla ya kukubali nafasi, aulize swali moja la msingi: ni nani atakayemsimamia, na je, msimamizi huyo amesajiliwa na Bodi? Saa zilizofanywa bila msimamizi anayefaa huenda zisihesabiwe.

Mwanafunzi anayerudi kufanya kazi hiyo nyumbani ana faida na ana mtihani. Faida ni lugha: mzee wa Sigowet au mama wa Konoin husema yaliyo moyoni kwa Kipsigis kwa wepesi kuliko kwa Kiingereza cha vitabuni. Mtihani ni siri. Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake, anayekuja kwa mshauri anaweza kuwa jirani, mwalimu wa zamani au shemeji. Uniti ya maadili hufundisha wakati wa kumhamishia mtu huyo kwa mshauri mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inazitaja habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Neno likivuja sokoni, anayepoteza si mteja mmoja tu. Wengine kumi hawatakuja tena.

Mradi unaoweza kumalizika

Mwaka wa nne wengi hukwama kwenye mradi kwa sababu mada ni kubwa mno. "Afya ya akili nchini Kenya" ni mada ya jopokazi la taifa. Mwanafunzi mmoja mwenye muhula mmoja au miwili anahitaji swali dogo: kwa mfano, jinsi wachumaji chai wa shamba moja wanavyopumzika baada ya zamu, au sababu za wanafunzi wa bweni kumwendea au kutomwendea mwalimu wa ushauri nasaha.

Utafiti unaohusu watu huhitaji ruhusa. Huenda chuo kikataka idhini ya kamati ya maadili, na utafiti nchini hupewa leseni na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI. Ukihusu watoto, idhini ya wazazi au walezi lazima ipatikane. Ukifanyika ndani ya shamba la chai au hospitali, wasimamizi wa mahali hapo nao wataombwa. Idhini hizi huchukua muda, na mwanafunzi anayezikumbuka muhula wa mwisho hukuta muda umekwisha. Afadhali mada ichaguliwe mwaka wa tatu na msimamizi aulizwe mapema ni ruhusa zipi zinahitajika.

Karo, mkopo na bonasi

Familia nyingi zinazopeleka majani katika viwanda vya wakulima wadogo kama Litein, Kapkatet, Mogogosiek au Tirgaga hupanga matumizi makubwa kwa kutegemea bonasi. Malipo ya kila mwezi hununua unga na sabuni. Bonasi ndiyo hulipa karo, kodi ya chumba na deni la dukani. Muhula hauangalii siku bonasi inapoingia. Kwa hivyo ni vyema mzazi na mwanafunzi waweke kalenda mbili pamoja: ile ya malipo ya chai na ile ya chuo, yaani tarehe za kujiandikisha, mitihani na mafunzo ya kazini. Mwezi wa atachimenti hugharimu nauli na chakula, na mara nyingi hauna mshahara.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, na ufadhili mwingine wa serikali hupangwa kwa kipindi cha kawaida cha kozi. Mwaka wa tano ulioletwa na uniti moja unaweza kumkuta mwanafunzi bila mkopo huo, na mzigo ukarudi nyumbani. Mwaka mmoja zaidi chuoni ni bonasi moja zaidi inayoondoka shambani.

Wakazi wengi pia huuliza kaunti inahusika vipi. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, vyuo vikuu ni jukumu la serikali ya kitaifa, ilhali kaunti zina elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya afya. Nafasi za chuo zinazofadhiliwa na serikali hutolewa kupitia KUCCPS, na mikopo kupitia HELB. Basari zinapotangazwa, fomu na masharti yake huulizwa katika ofisi ya wadi. Nafasi za kazi katika kaunti, zikiwemo za ushauri nasaha, hutangazwa na Bodi ya Huduma za Umma ya Kaunti.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali nafasi

Alama ya chini ya kujiunga na shahada ni C+ katika KCSE, lakini kupata nafasi si mwisho wa maswali. Mzazi na mwanafunzi wanashauriwa kuyapata majibu haya kutoka kwa idara husika, ikiwezekana kwa maandishi:

- Je, programu hii imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE?
- Je, mhitimu wake anakubaliwa na Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, na katika ngazi gani?
- Uniti zipi lazima zitangulie nyingine, na kila moja hufundishwa muhula gani?
- Mafunzo ya kazini ni ya saa ngapi, hufanyika mwaka gani, na nani hutafuta nafasi: chuo au mwanafunzi?
- Anayeanguka uniti au kuahirisha muhula kwa ugonjwa, uzazi au ukosefu wa karo hufuata utaratibu gani?
- Nani ni mshauri wa masomo wa mwanafunzi, na hupatikana siku gani?

Swali la kuahirisha lisichukuliwe kwa wepesi. Mwanafunzi anayeondoka chuoni kimyakimya kwa sababu karo imekwama anaweza kuhesabiwa kuwa ameacha masomo. Anayejaza fomu ya kuahirisha hushikiliwa nafasi yake, na huweza kuupanga upya mnyororo wake wa uniti kabla ya kurudi.

Hatimaye, kila mwisho wa muhula mwanafunzi aichukue nakala yake ya matokeo na kuilinganisha na ile karatasi ya mwaka wa kwanza. Uniti isiyo na alama ishughulikiwe wiki hiyohiyo, wakati mhadhiri bado anamkumbuka na karatasi za mtihani bado ziko idarani. Alama inayokosekana mwaka wa pili hupatikana kwa barua moja; ikigunduliwa wiki ya mahafali, huzuia jina lisisomwe.